Taifa Stars haimo Kombe la Dunia. Nishabikie nani?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza chapati na chai jirani na kibanda umiza, kile cha kuonyesha mpira, hapa Kihonda, Morogoro, ingawa kwetu hasa ni Kasulu. Mpira naupenda. Simba niliikuta nyumbani, sikuichagua. Shida yangu ni Kombe la Dunia. Mwaka 2022 nilitangaza mbele ya watu kwamba niko Argentina. Mechi ya kwanza tu wakafungwa na Saudi Arabia, nikachekwa mpaka nikahamia Ufaransa. Fainali unaijua ilivyoisha: Argentina wakaifunga Ufaransa kwa penalti. Tangu siku ile wateja wananiita Popo. Safari hii, 2026, mume wangu yuko Brazil kama kawaida yake, mwanangu wa darasa la tano yuko Ufaransa kwa sababu ya Mbappé, na vijana wa kibandani wanasema Mwafrika asiyeshabikia timu ya Afrika ni msaliti. Nichague vipi timu, mzee, nisiaibike tena? Na je, kuhama ni kosa kweli?

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole kwa hilo jina. Tuanze nalo, maana naona ndilo linalokukera.

Siku ile ilikuwa Jumanne, 22 Novemba 2022, saa saba mchana, kwa kuwa saa za Qatar na za kwetu ni zilezile. Messi alifunga penalti dakika ya 10. Kabla ya mapumziko Argentina wakautia mpira wavuni mara tatu nyingine, zote zikakataliwa kwa kuotea. Mtu yeyote aliyekuwa mbele ya televisheni alijua bao la pili liko njiani. Likaja kweli, ila upande wa pili: Al-Shehri dakika ya 48, Al-Dawsari dakika ya 53, na kipa wa Saudi akawa ukuta mpaka filimbi ya mwisho.

Kuchagua Argentina hakukuwa kosa, wala kuhama si dhambi. Wewe ulihama mapema. Timu ilikuwa bado na mechi mbili, Mexico na Poland, na ikashinda zote 2-0. Sheria niliyoikuta vijiweni tangu ujana wangu haijaandikwa popote lakini kila mtu anaifuata: ukishatangaza timu unakaa nayo mpaka iage mashindano. Ikishatolewa uko huru kama mjane aliyemaliza eda, nenda unakotaka, na hakuna wa kukuuliza. Kuihama timu iliyo hai, hilo ndilo lililokupa jina, maana popo kwenye hadithi alikwenda kwa ndege walipokuwa wanashinda na kwa wanyama waliposhinda wanyama.

Na mwaka huu utahitaji uvumilivu zaidi ya 2022, kwa sababu mashindano yamepanuka. Timu ni 48, makundi 12 ya timu nne nne, mechi 104. Wawili wa juu kila kundi wanapita, halafu wanaongezwa washindi wa tatu wanane walio bora. Maana yake ni kwamba timu inaweza kufungwa ya kwanza, ikasuasua ya pili, na bado ikapita. Ureno kwenye Euro ya 2016 walitoa sare mechi zote tatu za kundi, wakapita kama washindi wa tatu, wakaishia kubeba kombe. Kama Ureno ni mbali, tazama nyumbani. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyochezwa Morocco juzi hapa, Stars tulifungwa 2-1 na Nigeria, tukatoka 1-1 na Uganda, 1-1 na Tunisia. Pointi mbili tu, na tukaingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Aliyezima redio baada ya Nigeria alikosa mambo.

Sasa tuje kwenye kuchagua.

Umesema Simba uliikuta nyumbani. Hilo ni jambo zito kuliko ulivyolitamka. Klabu kwetu ni kama ukoo: babu aliamua zamani, wewe umezaliwa umekuta jezi kwenye kamba. Ndiyo maana hakuna anayekuuliza kwa nini wewe ni Simba. Timu ya taifa la watu ni kitu cha kuazima, tena kwa siku 39 tu, Juni 11 hadi Julai 19. Na mwenye kitu cha kuazima huulizwa: umekitoa wapi, unamjuaje mwenyewe? Nina hakika 2022 ulipoulizwa kwa nini Argentina ulijibu kwamba Messi ni mzuri. Jibu hilo kila mtu analo. Halina mizizi, ndiyo maana upepo wa mechi moja uliling'oa.

Mumeo wa Brazil, je? Usimcheke haraka. Brazil ni ugonjwa wa kizazi chetu, tuliambukizwa na televisheni, na ukimchunguza vizuri utakuta labda ni Yanga pia, maana kijani na njano vinamzoesha mtu. Lakini kuna sababu moja ya kuipenda Brazil ambayo Mtanzania anaweza kuisema bila kuona haya. Juni 7, 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, Brazil walikuja Dar es Salaam wakacheza na Taifa Stars kwenye Uwanja wa Taifa, ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa. Nilikuwepo. Walitufunga 5-1: Robinho mawili, Ramires mawili, Kaká moja. Ninalolikumbuka zaidi ya yote matano ni letu, la Jabir Aziz, mechi ikikaribia kuisha. Uwanja mzima uliruka kana kwamba tumesawazisha. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa amebeba redio ndogo, anaangalia mechi kwa macho na kuisikiliza kwa sikio, akaiacha ikaanguka, betri zikatawanyika chini ya viti, na watu wasiomjua wakainama kumtafutia huku wakiendelea kushangilia. Muulize mumeo kama anaijua mechi hiyo. Akijibu bila kufikiri, mwachie Brazil yake. Akibabaika, basi na yeye ameazima tu kama wewe.

Vijana wa usaliti wanataka jibu refu kidogo.

Julai 2, 2010, Ijumaa usiku, nilikuwa Tanga, Ngamiani, kwenye kibanda cha mabati kilichojaa mpaka watu wanapumua kwa zamu. Ghana na Uruguay, robo fainali. Afrika haikuwa imewahi kufika nusu fainali. Watu wote mle ndani walikuwa Ghana isipokuwa fundi cherehani mmoja, mtu mzima wa makamo, aliyekaa pembeni karibu na jenereta. Yeye alikuwa Uruguay. Alikuwa Uruguay miaka yote, tangu aliposoma shuleni kwamba kombe la kwanza kabisa, la 1930, lilichukuliwa na kanchi kenye watu wachache hivyo. Vijana walishamtishia mara mbili kwamba watamtoa nje.

Unajua kilichotokea. Muntari alifunga kwa mbali kabla tu ya mapumziko, Forlán akasawazisha kwa mpira wa adhabu. Dakika 120 zikaisha, sekunde za mwisho kabisa, kichwa cha Adiyiah kinaelekea wavuni, na Suárez akiwa juu ya mstari wa goli akaupangua kwa mikono miwili kama kipa. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga mtambaa wa panya ukapaa juu. Kwenye matuta, zile penalti za kuamua mshindi, Uruguay wakashinda 4-2. Gyan mwenyewe ndiye aliyepiga la kwanza la Ghana na akafunga, kitu ambacho mpaka leo sielewi miguu yake ilipata wapi nguvu.

Kwa kuwa nilishika filimbi miaka mingi kabla ya kuingia kwenye uchambuzi, usiku ule nilizingirwa: refa, kwa nini asihesabu bao? Hakuna sheria hiyo. Mpira ukizuiwa kwa mkono kabla haujavuka mstari wote, mwamuzi ana penalti na kadi nyekundu, basi. Hawezi kuhesabu bao ambalo halijafungwa. Suárez alifanya hesabu, akalipa bei iliyoandikwa. Waliokuwa mle walitamani kunipiga mimi badala yake.

Ninachotaka kukueleza ni yule fundi. Gyan alipokosa, kibanda kikanyamaza ghafla kama kimemwagiwa maji. Fundi hakushangilia. Alivua kofia, akaiweka magotini, akaikunja na kuikunjua. Matuta yalipoisha akainuka polepole akapita katikati ya watu wanaolia, na hakuna aliyemgusa. Kesho yake nilipeleka suruali kwake. Nikamuuliza, "Fundi, jana hukuona aibu?" Akasema, "Niliona. Lakini mtu akiwa wako, ni wako hata anapokutia aibu." Je, huyo alikuwa msaliti? Mimi nilimwona ndiye shabiki peke yake aliyekuwa kibandani, sisi wengine tulikuwa tumepanda gari moja kwa sababu lilikuwa linakwenda njia yetu.

Usinielewe vibaya. Kuna sababu ya haki ya kuziombea timu za Afrika, na vijana wako wangeisema hiyo wasingekuwa na haja ya matusi. Mwaka 1966 Afrika nzima ilisusa Kombe la Dunia, Kwame Nkrumah na Ghana yake wakiwa mstari wa mbele, kwa sababu bara letu lilikuwa halina hata nafasi moja ya uhakika: mshindi wa Afrika alitakiwa apambane tena na wa Asia ndipo aende. Mgomo ule ulizaa nafasi moja mwaka 1970, wakaenda Morocco. Baadaye zikawa mbili, na baada ya Cameroon kufika robo fainali mwaka 1990 tukapata ya tatu. Mwaka 1998 zikawa tano. Kwa mashindano ya mwaka huu ni tisa, na ya kumi hutafutwa kwenye mchujo. Kwa hiyo wakubwa wetu waliposhangilia Cameroon ya Roger Milla walikuwa wanashangilia pia mlango ambao siku moja Stars watapita.

Lakini Afrika si timu. Afrika ni majirani, na majirani hugombana. Chukua Morocco, walioingia nusu fainali 2022 baada ya kuwatoa Hispania na Ureno, tukawashangilia Dar mpaka magari yakapiga honi. Ni haohao waliotufunga 3-0 kule San Pédro Januari 2024. Ni haohao waliotufunga 2-0 Oujda Machi 2025, tukiwania Kombe hili hili. Agosti 2025 wakatutoa CHAN, lile kombe la wachezaji wa ligi za ndani za Afrika, hapahapa kwa Mkapa, 1-0, na Januari 2026 wakatutoa AFCON kwao Rabat, 1-0 tena. Mtanzania anayesema mwaka huu siwezi kumshangilia Morocco, nina kidonda, yuko sahihi kabisa. Na anayesema nawashangilia kwa sababu aliyetutoa akichukua kombe basi na sisi tulitolewa na bingwa, naye yuko sahihi. Wote wawili wana sababu yao ya kusema.

Mwanao wa darasa la tano ndiye aliyepatia kuliko nyote nyumbani, ingawa hajui. Hakuchagua bendera. Alichagua mtu.

Timu ya taifa inakutana mara chache kwa mwaka, kocha anabadilika, wachezaji unaowaona Juni hutawaona wote miaka minne ijayo. Huwezi kuipenda kama unavyopenda klabu, hakuna muda. Unachoweza ni kumpata mtu mmoja ndani yake ambaye njia aliyopita unaijua, ukaingia kupitia yeye, na wengine kumi wakakuzoea. Simaanishi nyota. Nyota ni wa kila mtu. Namaanisha mtu ambaye ukimwona anafunga kamba za viatu unajua ametoka wapi.

Mfano: 2018, Urusi. Denmark na Peru, mji wa Saransk. Denmark wana straika mrefu anaitwa Yussuf Poulsen. Baba yake alikuwa Mtanzania, akafariki kwa saratani mtoto akiwa na miaka sita. Kwenye mashindano yale, mgongoni mwa jezi, Yussuf hakuandika Poulsen. Aliandika Yurary, jina la baba. Kipindi cha kwanza akasababisha penalti, Cueva wa Peru akaipaisha. Kipindi cha pili akafunga bao pekee la mechi. Mechi iliyofuata, na Australia, akasababisha penalti nyingine kwa kuushika mpira, hii ikaingia, na akapewa kadi iliyomfungia mechi ya tatu. Hebu niambie, mtu kama huyo utamchoka? Kwa wiki mbili nilijua majina ya Wadenmark wote, mpaka Croatia walipowatoa kwa matuta. Mpaka leo mtu akinitajia Denmark sifikirii siagi wala maziwa, nafikiria herufi sita mgongoni.

Wakenya nao walikuwa na wao 2014: Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth aliyekuwa straika wa Harambee Stars, alizaliwa Ubelgiji, akaingia akitokea benchi pale Maracanã akiwa na miaka 19, akaifunga Urusi dakika ya 88. Nairobi ilikuwa Ubelgiji usiku ule.

Na Wakongo wana deni lao la zamani. Mwaka 1974, wakiitwa Zaire, walikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Yugoslavia waliwafunga 9-0. Mechi na Brazil, mwamuzi ametoa mpira wa adhabu, Wabrazil wanajipanga, beki Mwepu Ilunga akachomoka kwenye ukuta akaubutua mpira mbali. Dunia ikacheka miaka na miaka: Waafrika hawajui sheria. Mwepu, mchezaji wa timu ya Lubumbashi, huko wanakoongea Kiswahili kama sisi, alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri sana. Wachezaji hawakuwa wamelipwa, na vitisho vya watu wa rais wao, Mobutu, vilikuwa vimewafikia kambini. Novemba 2025 wajukuu wa timu ile waliwatoa Cameroon, kisha Nigeria kwa matuta, wakapangiwa kwenda Guadalajara, Mexico, Machi 2026 kutafuta tiketi dhidi ya mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia. Wakiipata, mtu anayejua habari ya Mwepu atawatazama kwa jicho tofauti na mtu anayehesabu pointi.

Au kama unapenda wanyonge, kuna Cape Verde, visiwa vyenye watu zaidi kidogo ya laki tano, chini ya theluthi ya watu wa Zanzibar, na wameongoza kundi lao mbele ya Cameroon. Beki wao mmoja, Roberto Lopes, alizaliwa Dublin, baba Mcape Verde, mama Muirishi. Kocha wa wakati ule alimtumia ujumbe kwenye LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, kwa Kireno, jamaa akadhani ni matapeli, akauacha miezi tisa. Mechi yao ya kwanza ni na Hispania.

Lakini nimeusoma ujumbe wako mara ya pili, na kuna mstari umeupita haraka. Umesema kwenu hasa ni Kasulu.

Basi umekua ukiyaona yale mahema meupe. Umewaona watu wa kambini wakija mnadani na madumu na maharage ya mgao. Yupo kijana anaitwa Nestory Irankunda. Alizaliwa Februari 2006 mkoani Kigoma, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Burundi. Akiwa bado mchanga familia ikapelekwa Australia, akakulia Adelaide, akaanza kufunga mabao kwenye ligi ya wakubwa akiwa na umri ambao watoto wetu wako kidato cha tatu. Bayern Munich wakamsajili, sasa yuko Watford ya Uingereza. Ni winga, ana kasi, ana shuti ambalo makipa hulisikia kabla ya kuliona, na akifunga hupiga sarakasi ya kurudi nyuma, ile wanayopiga watoto wa Kigoma kwenye mchanga wa ziwa. Oktoba 2025 aliifunga Kanada bao pekee kulekule Montreal.

Kikosi cha mwisho bado hakijatangazwa, na kocha anaweza kumwacha. Kwa hiyo sikwambii utangaze leo. Nakwambia umfuatilie kuanzia sasa, ili likisomwa jina lake uwe tayari unamjua. Na asipotajwa, angalia majina mengine ya Australia. Mwaka 2022 walikuwa na Awer Mabil, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya; penalti yake ni mojawapo ya zilizowapeleka Qatar. Hii ni timu yenye mazoea ya kuokota watoto kutoka upande wetu.

Kabla hujatangaza chochote, nina kipimo kimoja, na mwaka huu Wamarekani wametusaidia kukipata bure. Mechi zinachezwa Marekani, Kanada na Mexico. Fungua daftari lako la madeni ukurasa wa nyuma, andika mechi tatu za kundi za timu unayoifikiria, kwa saa zetu. Chache zitakuwa saa moja usiku, kama ya Cape Verde na Hispania. Nyingine saa nne usiku: ufunguzi wa Mexico na Afrika Kusini, Ufaransa na Senegal, hata fainali yenyewe. Lakini nyingi ni saa saba, saa kumi, alfajiri kabisa. Argentina na Algeria ni saa kumi alfajiri, Juni 17. Sasa jiulize: ningeweka kengele ya simu kwa ajili ya hawa watu, na kesho nina unga wa kukanda? Ukiona unajadiliana na nafsi, hiyo si timu yako, ni timu ya kuangalia. Mimi kipimo hiki kimenitoa kwenye timu mbili mwaka huu ambazo nilidhani nazipenda.

Mkeka wa kubeti sitaki hata kuuongelea sana. Kijana aliyeweka elfu mbili kwa Ujerumani hashabikii Ujerumani, anashabikia elfu mbili. Usimsikilize anapokupa ushauri, maana akishinda atakuwa ameshahamia mechi nyingine.

Chukua usiku mmoja nikuonyeshe, Jumamosi ya Juni 13 kuamkia Jumapili. Saa nne usiku Qatar na Uswisi. Saa saba Brazil na Morocco, hapo mumeo hatalala, na mle kibandani kutakuwa na vita vya kidugu. Saa kumi Haiti na Scotland. Halafu saa moja asubuhi, jua limeshatoka, Australia wanacheza mechi yao ya kwanza kule Vancouver, na mpinzani wao ni mshindi wa mchujo wa Ulaya. Tisa kwa kumi ya wale walioingia saa nne watakuwa bado mle ndani, macho mekundu, njaa inawasokota, na jirani yao anauza chapati. Kanda unga mapema usiku huo, kilo mbili zaidi ya kawaida. Mwambie mwenye kibanda asizime saa kumi na mbili, umeme wa mechi ya mwisho utachangia wewe. Atakuuliza kwa nini. Watauliza wote, na yule aliyekubandika jina la Popo atakuwa wa kwanza. Waeleze habari ya mtoto wa Kigoma, taratibu, huku unageuza chapati. Wakifungwa siku hiyo, wana mechi nyingine mbili, na Marekani na Paraguay, nawe utakuwa palepale.

Mwanao mwache na Mbappé. Kuhusu Brazil na Morocco usiku ule, nimeulizwa na watu wanne wiki hii niko upande gani, na nimewaambia wote kwamba mwamuzi mstaafu hana upande. Nina jezi moja ya njano ndani ya sanduku, ila mke wangu anadhani niliitupa.